Tunda la Zawadi Lina Siku Yake

Ingia duka kubwa lolote la Masaki au Mikocheni, Dar es Salaam, uulizie kikapu cha matunda cha kumpelekea mgonjwa. Utaonyeshwa matufaha mekundu yanayong'aa, peasi mbili tatu, kifurushi cha zabibu nyeusi, kiwi na machungwa ya Misri, vyote vimefungwa kwa nailoni inayometameta na utepe juu. Tunda la nchi hii, likibahatika kuwemo, ni nanasi dogo lililosimamishwa katikati ili kikapu kipate kimo. Bei yake ingekununulia tenga zima la maembe pale sokoni Mabibo.

Sina ugomvi na bei. Zawadi ni heshima, na anayempelekea mama mkwe matunda hapaswi kuanza kuhesabu senti. Kinachonikera, kwa kuwa kazi yangu ni kushughulika na matunda tangu yanapochumwa hadi yanapofika mezani, ni kwamba fedha hizo zinalipia umbali, mng'ao na stika. Katika hivyo vitatu hakuna kinachomwambia mnunuzi kama tunda lilikuwa limekomaa lilipochumwa, litakuwa tamu siku gani, au linamfaa huyo aliyelala kitandani. Kwa maoni yangu tunda la hadhi hupimwa kwa maswali hayo, na bei ingefuata majibu yake.

Tuanze na tufaha, maana ndilo bwana harusi wa kikapu. Mengi yanayouzwa kwetu hutoka Afrika Kusini, ambako msimu mkuu wa mavuno ni kati ya Februari na Mei. Kwa hiyo tufaha la Afrika Kusini unalolinunua Dar es Salaam mwezi wa Desemba lilichumwa kabla ya Sabasaba. Si dhambi. Huko hulazwa kwenye vyumba vyenye baridi ya karibu na nyuzi sifuri, na hewa ya humo hupunguzwa oksijeni ikabaki asilimia moja hadi tatu hivi, badala ya ile 21 tunayoivuta mimi na wewe. Tunda hupumua polepole mno, na linaweza kukaa miezi kumi bila kuoza. Ni ufundi mkubwa, nami nauvulia kofia. Ila una gharama yake. Tunda lililokaa muda mrefu katika hali hiyo hupoteza uwezo wa kutoa harufu, na vitamini C, ambayo katika tufaha ilikuwa kidogo tangu awali, hupungua zaidi. Likishatolewa kwenye baridi likakaa rafuni katika joto letu la nyuzi 30, ndani ya siku chache nyama yake hulegea ikawa na ungaunga. Nje bado linang'aa, kwa sababu lilipooshwa kiwandani nta yake ya asili iliondoka, likapakwa nyingine. Nta hiyo inalika na haina madhara. Ila usiisome kama cheti cha ubichi.

Stika nayo imepewa heshima isiyo yake. Zile tarakimu nne ni za karani wa malipo, ajue abonyeze bei gani: ndizi ya njano ya kawaida ni 4011 huku na huku duniani, iwe nzuri iwe mbovu. Zikiwa tarakimu tano na ya kwanza ni 9, maana yake tunda limelimwa kwa kilimo hai. Basi. Hakuna namba inayosema tunda ni la daraja la kwanza, wala inayosema lilichumwa lini.

Zabibu zina hadithi ya kuchekesha zaidi. Mteja akiona ule unga mweupe juu ya punje huukunjia uso, akidhani ni dawa, kisha anachagua kifurushi kilichosuguliwa kikameremeta. Unga ule ni nta ya zabibu yenyewe. Ukiuona umekaa vizuri, ujue shada halijashikwashikwa na mikono mingi. Tazama pia vikonyo. Vikiwa vya kijani na vinapinda bila kuvunjika, zabibu ni mpya; vikiwa vya kahawia na vikavu, zimeshachoka hata kama punje bado zimejaa. Kwa kipimo hicho, zabibu za Dodoma zilizovunwa juzi huzishinda kwa mbali zile zilizovuka bahari ndani ya kontena, na Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Sasa kuna jambo moja la kitaalamu ambalo mnunuzi wa zawadi lazima alijue. Yapo matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa, na yapo yasiyoendelea. Kundi la kwanza lina embe, ndizi, papai, parachichi, stafeli, fenesi, tufaha na peasi. Embe na ndizi hujiwekea akiba ya wanga, na wanga huo hugeuka sukari hata tunda likiwa jikoni kwako. Kundi la pili ni chungwa, chenza, nanasi, zabibu, tikiti maji, komamanga na stroberi. Haya hayana akiba ya kugeuza. Yakishakatwa, sukari iliyomo ndiyo hiyo hiyo. Nanasi la Kiwangwa lililokatwa changa linaweza kupata rangi ya manjano likiwa njiani kuja mjini, likafika na uchachu wake ule ule. Ndiyo maana ushauri wa "liweke kwanza liive" ni mzuri kwa embe na ni hasara tupu kwa nanasi. Nanasi linunuliwe siku ya kuliwa au moja kabla, na linuswe kitakoni, si kutazamwa ganda.

Embe ndilo lenye mtego, kwa sababu kukomaa na kuiva kwake ni mambo mawili yanayokwenda kwa saa tofauti. Embe lililokomaa likachumwa gumu na la kijani, ukaliacha mezani siku nne hadi saba, litaiva likawa tamu karibu sawa na lililoivia mtini. Embe changa halifiki huko. Ngozi hukunjamana, rangi huja, lakini karibu na kokwa hubaki nyama nyeupe isiyo na ladha. Wakulima wenye uzoefu hutazama mabega: embe likikomaa mabega hupanda juu ya mahali kikonyo kiliposhika, pakabaki kishimo, na mashavu hujaa. Wataalamu wana njia nyingine isiyohitaji mashine, nayo ni ndoo ya maji. Embe lililokomaa lina wanga na sukari ya kutosha kulifanya liwe zito kuliko maji, hivyo huzama. Changa huelea. Si kipimo cha kukipeleka mahakamani, kwa sababu aina hutofautiana, lakini hukupunguzia hasara nyingi.

Muuzaji mmoja pale Mabibo, nilipomwomba ndoo, alicheka hadi jirani zake wakageuka. "Mzee wangu, embe nalo linaoga?" Akaleta ndoo hata hivyo, akayatumbukiza yeye mwenyewe kutoka lundo la bei ya juu. Mawili yakaelea. Aliyatazama kidogo, akayatoa na kuyatupia upande wa pili. "Hayo ya achari," akasema bila soni, akaendelea kunichagulia mengine. Sikupunguziwa bei, lakini nilipata maembe yaliyozama yote.

Pale pale kwenye kuivisha ndipo kabaidi inapoingia. Ni ile ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma: ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini, ambayo hulihadaa tunda libadilishe rangi haraka. Kabaidi ya viwandani huja na mabaki ya aseniki na fosforasi, na India imeipiga marufuku kabisa kwa kazi ya kuivisha matunda. Kwa mnunuzi, dalili zake ni rahisi kuziona akitulia. Tenga zima lina njano ya aina moja, hakuna embe hata moja lenye kijani begani. Ukinusa, hakuna harufu. Ukikata, nje ni manjano na karibu na kokwa ni gumu na chachu. Hapa lazima niwatetee kidogo wafanyabiashara waaminifu, kwani siku hizi kila tunda lililoivishwa linaitwa sumu. Gesi ambayo matunda hujitengenezea yenyewe ili kuiva inaitwa ethilini, na vyumba vya kisasa vya kuivishia hutumia hiyo hiyo kwa kiasi kidogo sana. Bibi zetu walipovundika ndizi shimoni kwa moshi walikuwa wanafanya kazi hiyo hiyo bila kuijua kwa jina, maana moshi una ethilini ndani yake. Kuivisha si kosa. Kosa ni kabaidi, na kosa kubwa zaidi ni kuivisha kisichokomaa.

Aibu nyingine ya embe la zawadi ni funza. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na tangu hapo amesambaa sehemu kubwa ya Afrika. Ndiye aliyeifanya Kenya ijizuie yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, biashara ikafunguliwa tena 2021. Jike hutoboa ngozi na kutaga ndani. Utaona kitone kidogo cheusi, na ukibonyeza hapo utahisi pamelegea. Kagua kila tunda, usiridhike na tabaka la juu la tenga.

Kama kuna nchi iliyolifanya tunda kuwa zawadi rasmi, ni Japani. Kuna majira mawili ya zawadi kwa mwaka, ochugen katikati ya mwaka na oseibo Desemba, na tunda ni miongoni mwa vinavyotumwa kwa bosi, mwalimu au daktari. Duka la Sembikiya la Nihonbashi, Tokyo, limekuwapo tangu 1834. Huko Shizuoka mkulima wa tikiti tamu la kifahari huuachia kila mche tunda moja tu. Mengine huyakata yakiwa madogo ili sukari yote iende kwa lile lililobaki. Maembe ya Miyazaki yanayouzwa kwa jina la Taiyo no Tamago huvishwa wavu yakiwa mtini, yakiiva yanadondoka yenyewe ndani ya wavu. Ili lipewe jina hilo embe sharti liwe na gramu 350 au zaidi na sukari ya nyuzi 15 au zaidi. Zabibu za Ruby Roman kutoka Ishikawa, zilizoingia sokoni mwaka 2008, hutakiwa kila punje iwe na gramu 20 na sukari ya nyuzi 18.

Magazeti yetu huyapenda matunda hayo kwa sababu ya bei za mnada. Matikiti mawili ya Yubari yaliuzwa yen milioni 5 mwaka 2019. Bei ile ya mnada wa kwanza wa msimu ni tangazo. Anayenunua ananunua jina lake litajwe. Mimi huwaonea Wajapani wivu kwa jambo dogo zaidi. Tikiti la zawadi mara nyingi huja na kikaratasi kinachosema siku gani lifunguliwe. Muuzaji ameshalipima, anajua lilikatwa lini, na anamwambia mpokeaji: subiri hadi Alhamisi. Huyo anauza tunda pamoja na dhamana yake.

Hiyo sukari ya nyuzi ninayoitaja hupimwa kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachoitwa rifraktomita. Unadondosha matone mawili ya maji ya tunda kwenye kioo, unachungulia, unasoma. Nyuzi moja ya Brix ni takribani gramu moja ya sukari katika gramu 100 za maji ya tunda. Embe la Miyazaki lazima lifike 15. Dodo au boribo la kwetu lililokomaa sawasawa hufika hapo na kupita, bila kadi wala sanduku la kitambaa. Tunacho kitu. Tunachokosa ni mtu wa kukipima na kusimama nyuma yake.

Na wala sisi si wageni wa kununua kwa daraja. Angalia tende. Ndugu akija kutoka Muscat kabla ya Ramadhani, hakuna anayeuliza zimesafiri kilomita ngapi wala zimefungwa kwa utepe gani. Linaloulizwa ni aina: ni khalas au fardh? Aliyetoka hija akileta ajwa ya Madina, kila mtu mezani anajua kwa nini ni chache. Watu hao hao wanajua tende ya rutab, laini na yenye maji, haikai kama ile iliyokaukia mtini, wakaila mapema. Ujuzi huo wote upo kwa tunda linalotoka nje. Kwa embe letu, ambalo lina aina nyingi na tofauti kubwa ya ladha, mnunuzi wa mjini anasema tu "nipe ya elfu tano."

Nije kwenye afya, kwani ndiyo sababu tunayoitaja tunapobeba kikapu. Vitamini C husaidia mwili kutengeneza kolajeni, kamba zinazofunga kidonda, kwa hiyo kwa aliyetoka chumba cha upasuaji si anasa. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aligawa mabaharia 12 wenye kiseyeye mafungu sita, akawapa tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Nadhani hakuna matunda yaliyowahi kumfikia mgonjwa kwa wakati mzuri kuliko yale. Sasa linganisha. Katika gramu 100 za pera kuna zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Papai lina kama 60, chungwa 50 na kitu, embe kama 36 kwa wastani. Tufaha halifiki 5. Viwango vya Marekani vinamtaka mtu mzima apate miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Pera moja la saizi ya kawaida linamaliza hesabu hiyo. Kwa matufaha utahitaji kumi hivi.

Lakini nani atabeba mapera hadi wodini? Shemeji atacheka wiki nzima. Pera ni tunda la kuokota njiani ukitoka shule, halina utepe, na hapo ndipo zawadi na lishe zinapogombana. Wala siamini mtu atashinda vita hiyo kwa kuhubiri. Pera lichaguliwe kubwa, lisilo na doa, lioshwe, lifungwe moja moja kwa karatasi laini na kupangwa kwenye kikapu cha ukili. Heshima italifuata lenyewe. Hivyo ndivyo parachichi lilivyopanda cheo mbele ya macho yetu, tangu wakulima wa Njombe na Rungwe walipoanza kulipeleka Ulaya. Miaka michache kabla ya hapo lilikuwa linaozea chini ya mti.

Nisilionee tufaha. Faida yake haiko kwenye vitamini C, iko kwenye pektini, ule utembo laini unaosaidia tumbo na lehemu, na kwenye kemikali za ganda lake. Utafiti uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2013, uliofuatilia wahudumu wa afya wa Marekani karibu 190,000, ulionyesha kwamba waliokula zaidi matunda mazima, hasa bluberi, zabibu na matufaha, walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kidogo, ilhali waliokunywa zaidi juisi ya matunda walikipata kwa kiwango kikubwa. Uchina, utafiti wa watu nusu milioni uliotolewa mwaka 2016 uliwakuta wanaokula matunda mabichi kila siku wana vifo vichache vya maradhi ya moyo na mishipa. Ni tafiti za kufuatilia watu, na mla matunda kila siku mara nyingi ana kipato kizuri na havuti sigara. Watafiti hujaribu kuyatoa hayo kwenye hesabu, na hayatoki yote. Hata hivyo, mwelekeo ni ule ule kila mahali: tunda zima, la kutafunwa. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatuzifikii. Yale maboksi ya juisi tunayoyaongeza kwenye mfuko ili mzigo uonekane mzito yangebaki dukani.

Utamu wenyewe nao una mipaka yake. Zabibu ya nyuzi 18 ni tamu kuliko ya nyuzi 15, na si ya afya zaidi kwa sababu hiyo. Mwaka 2018 bustani ya wanyama ya Melbourne ilitangaza kuwapunguzia baadhi ya wanyama wake matunda, kwa kuwa matunda ya kisasa yalikuwa yamezalishwa kwa ajili ya utamu hadi wanyama wananenepa na kuoza meno. Kwa hiyo ninaposema tunda lipimwe sukari, simaanishi lishindane na pipi. Kipimo hicho ni ushahidi kwamba halikuchumwa changa.

Kisha kuna mwili wa anayepokea, na hapa msomaji aliyekwisha kukata shauri la kuliacha tufaha atasubiri kidogo. Mgonjwa wa figo, hasa anayesafishwa damu, mara nyingi huambiwa apunguze potasiamu, kwa sababu figo zake hazitoi ziada, na ikizidi moyo unaweza kwenda mrama. Gramu 100 za parachichi zina karibu miligramu 485 za potasiamu. Ndizi mbivu ina kama 360, na tende hupita 600. Tufaha lina kama 107 na nanasi 109. Kwa mgonjwa huyu kikapu cha kizungu nilichokibeza mwanzoni ni salama kuliko tenga langu la mahaba lenye parachichi na ndizi. Birimbi nalo, hata lile la Unguja linalotiwa kwenye mchuzi, lina oksalati nyingi. Huko Kerala, India, madaktari wameripoti watu waliokunywa maji yake mabichi kama dawa ya lehemu, figo zikafeli ghafla. Kwenye mchuzi kidogo halina neno. Glasi nzima ni hatari.

Balungi ni tunda zuri la zawadi, linakaa muda mrefu na lina harufu. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kanada waligundua kwa bahati kwamba maji yake huongeza kiwango cha dawa fulani katika damu. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo ambacho kwa kawaida huipunguza dawa kabla haijaingia mwilini, na athari yake huweza kudumu zaidi ya siku moja. Felodipine ya presha na simvastatin ya lehemu ni miongoni mwa dawa hizo. Baba mwenye dawa za presha kwenye droo asipelekewe mabalungi kabla hajamuuliza mfamasia.

Mgonjwa wa kisukari hajapigwa marufuku kula embe, ingawa familia nyingi humnyima kwa mapenzi. Nusu ya embe la wastani, baada ya chakula, kwa kutafuna, ni jambo la kuzungumza na daktari wake na kulipangia nafasi. Kumpelekea tenga ni kumtesa. Mpelekee mawili.

Aliyepungukiwa na kinga, kama vile anayetibiwa saratani, asipewe tunda lililokatwa nje. Mwaka 2011 matikiti yenye bakteria wa Listeria yaliua watu 33 Marekani, na wadudu hao walikuwa kwenye ganda. Kisu ndicho huwapeleka ndani. Peleka tunda zima, lioshwe hapo hapo, likatwe kwa kisu safi.

Yamebaki ya kufunga na kubeba, ambako kazi nzuri yote huweza kuharibika. Nailoni ile ya kumetameta huzuia mvuke na ethilini visitoke. Ndizi na matufaha ni watoaji wakubwa wa gesi hiyo. Ukivifungia pamoja na maembe yaliyokwisha kuiva, kesho yake utakuta vitone vya maji kwa ndani na madoa meusi. Tumia kikapu cha ukili au tenga dogo lililo wazi, karatasi chini, mazito chini, zabibu juu. Embe ambalo halijaiva lisiingizwe kwenye friji, kwani chini ya nyuzi 10 au 12 hivi hupatwa na baridi, ngozi hugeuka kijivu na kuiva hakutakuja tena. Likishaiva, friji ya siku mbili haina shida. Ndizi vivyo hivyo, huchukia baridi ya chini ya nyuzi 13.

Na chukua kalamu. Andika kwenye kipande cha karatasi: "Mawili ya leo, mawili ya Jumatano, usiyatie kwenye friji, yakinukia yako tayari." Kijana mwenye meza ya matunda karibu na hospitali yoyote kubwa angeweza kuanza kufanya hivyo kesho, akaongeza rifraktomita siku mfuko ukiruhusu, akauliza kila mteja swali moja kabla ya kupanga: mgonjwa wako anaumwa nini? Akijibiwa figo, atoe parachichi. Akijibiwa mguu umevunjika, aweke mapera. Maembe sita yaliyokomaa, yaliyopangwa na mtu aliyeuliza swali hilo, yanaweza kuuzwa kwa bei ya kile kikapu cha Masaki, nami sitaomba punguzo.